Picha Iliyobaki Ukutani

Mke wangu Émérance alipewa picha ya Bikira Maria yenye umri wa karibu miaka mia tano, naye akaiacha ukutani. Naanzia hapo hapo, maana kila nikiisimulia habari hii kwa kuzunguka, watu hunikatiza na kuniuliza kwa nini hakuichukua, na swali hilo hunipandisha damu. Hakuichukua kwa sababu yeye ni mtu wa Kabare, juu ya Bukavu, na mimi ni mtu wa Lubumbashi. Sisi wa Lubumbashi ukitupa kitu tunasema asante, tunatafuta kamba ya kukifungia. Watu wa kwao wakipewa kitu, kwanza wanaanza kufikiri.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Saint-Josse, hapa Brussels, juu ya duka la mikate la Mturuki mmoja. Mimi nilikuwa nikigawa barua ndani ya kampuni ya bima, nasukuma kigari kutoka ofisi hadi ofisi. Kwetu nilisoma sheria miaka miwili kabla chuo hakijafungwa, na Émérance husema tangu hapo sijanyamaza. Yeye alikuwa akimtunza mama mmoja mzee huko Uccle, Madame Lambrechts, mjane, mtu wa sala, mwenye nyumba kubwa na miguu iliyokataa ngazi. Kitanda chake walikuwa wameshakiteremsha sebuleni. Émérance alikuwa akimwosha, akimpikia supu, akimsomea gazeti, na jioni walikuwa wakisali rozari pamoja kabla hajapanda tramu kurudi nyumbani.

Rozari waliisali mbele ya picha hiyo, iliyotundikwa mkabala na kitanda. Haikuwa kubwa, urefu wake haukuzidi mkono kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Ilichorwa juu ya ubao wa mwaloni, si juu ya kitambaa, na ubao ulikuwa na ufa ulioshuka hadi karibu na bega la Bikira. Mama Maria amekaa dirishani, amevaa nguo nyekundu, anamnyonyesha mtoto; nje kuna mto na mtu mdogo sana anayevuta punda. Mtoto, Mungu anisamehe, ana uso wa karani wa kodi. Lakini uso wa mama ni mzuri. Ni uso wa mwanamke aliyeamshwa mara nyingi na bado hajakasirika.

Madame aliirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, na zaidi ya hapo hakuna aliyejua. Katika sala kila mmoja alishika lugha yake, Madame Kifaransa, Émérance Kiswahili. Baada ya mwaka mmoja Madame alikuwa akitamka "utuombee sisi wakosefu" vizuri kuliko watoto wa ndugu zangu waliozaliwa hapa hapa Brussels.

Mwishoni mwa mwaka 1996 vita viliingia Bukavu. Mama yake Émérance alikimbia pamoja na majirani kuelekea msituni, na njiani akafa. Habari ilitufikia wiki nyingi baadaye kwa simu ya padri mmoja. Nani alimzika, na wapi, padri hakujua, na hadi leo hatujui. Hata picha yake hatukuwa nayo. Zote zilibaki katika nyumba iliyoporwa.

Matanga yanataka nafasi ya watu kukaa chini, na sebule yetu ilitosha meza na viti basi. Nikaanza kutafuta ukumbi wa parokia. Madame alipopata habari alikataa kabisa. Alisema mama wa Émérance ataliliwa nyumbani kwake. Basi akina mama wa Saint-Josse wakapanda tramu na mikeka yao na masufuria ya ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, hadi Uccle, kwenye mtaa ambao watu huchungulia pazia wakiona gari wasilolijua. Wakakaa chini sebuleni, chini ya picha ile, siku tatu, wakilia na kuimba. Siku ya pili Madame akataka ateremshwe naye akae chini na wenzake. Tulimteremsha watu wawili. Alikaa mkekani, mgongo ameuegemeza kitandani, akamshika Émérance mkono akamlilia mtu asiyemjua. Jambo kama hilo sijaliona tena kwa mzungu yeyote, na nasema wazi kwamba siku hiyo nilimpenda yule mama mzee.

Kwa hiyo mnaelewa picha ile ilikuwa nini kwa mke wangu. Wenzake wana makaburi ya kwenda kupalilia. Yeye hana. Mahali alipomlilia mama yake ni pale, mbele ya ubao ule, na aliposali hapo alikuwa akimsalimu mama yake pia.

Mwaka uliofuata, mwezi Februari, Madame alianguka bafuni, na tangu hapo hakutoka tena kitandani. Jumapili moja, baada ya rozari, alimwambia Émérance kwamba picha ile ni yake. Alisema Émérance amemlilia mama yake mbele ya picha hiyo, kwa hiyo aichukue, aichukue leo. Binti yake wa pekee, Marie-Paule, anayekaa Gand na kuja kila Jumapili, alikuwa amesimama mlangoni na koti mkononi. Alisikia kila neno. Émérance akapiga magoti, akashukuru kwa mikono miwili, akavaa koti lake, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Mimi nilikuwa nakula aliponieleza. Nikaweka kijiko chini.

"Na iko wapi?"

"Iko kwake, ku ukuta."

"Bon. Muntu anakuambia kamata leo, na weye unaacha?"

"Kwetu hatukamatake kintu ya mugonjwa, Papa Hadassa," akasema, akiniita kwa jina la binti yetu. "Angali anapumua. Ukitosha kintu yake inje ya nyumba, ni kama unamusukuma ku kaburi."

Nilijua hayo yalikotoka. Shangazi yake wa Kabare aliwahi kupewa sufuria na mke mwenzake aliyekuwa mgonjwa, kwa moyo mweupe, mbele ya watu. Akaibeba. Kabla hakujapambazuka mwenzake akafa. Kuanzia siku hiyo shangazi akawa mchawi, mwanamke aliyegawa urithi mwenye mali angali anatazama; wakamfukuza, akaenda kufia Goma kwa watu baki. Émérance alikuwa msichana mdogo, na alimwona akiondoka. Kwa hiyo kwao sheria ni moja. Mgonjwa akikupa kitu unashukuru na kukiacha mahali pake. Akipona, atakuletea mwenyewe. Akifa, mnalia, mnamaliza matanga, ukoo unakaa kugawa vitu, na aliyeisikia ahadi anasimama kusema, hiki ni cha fulani. Hapo unakichukua, na hakuna wa kukunyooshea kidole.

Nilimwambia hapa ni Ubelgiji. Hapa mtu akifa hakuna anayekaa chini. Wanakunywa kahawa, wanakula mikate midogo yenye jambon, ile nyama ya nguruwe, kila mtu anapanda gari lake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nikamwambia. Akanijibu kwamba haraka haraka haina baraka, akaniondolea sahani ingawa sikuwa nimemaliza.

Wiki iliyofuata alifika kazini akaikuta picha imeshushwa. Muuguzi wa asubuhi ndiye aliyeishusha kwa amri ya Madame, akaifunga kwa taulo jeupe na kuisimamisha kando ya mlango wa kutokea. Émérance alishtuka. Katika nyumba ya mgonjwa hushushi vitu ukutani. Hiyo ni kukionyesha kifo njia. Akalifungua taulo, akapanda juu ya kiti, akairudisha picha kwenye msumari wake na kuiweka sawa, Madame akimtazama kutoka kitandani.

Siku chache kabla ya Pasaka ikatokea tena, taulo lile lile, mlango ule ule, naye akairudisha tena. Alinisimulia kwa fahari, utadhani ameokoa nyumba isiungue. Mimi nilicheka kwa uchungu. Mali imefungwa, imewekwa mlangoni, imebaki kubebwa tu, na mke wangu anaipandishia kiti kuirudisha ukutani.

Baada ya hapo Madame akawa mtu wa kimya. Rozari iliendelea, lakini sasa alikuwa akitazama bustani. Siku moja alimuuliza Émérance kama haioni picha ile kuwa nzuri. Émérance akasema ni nzuri sana, na inafaa ikae hapo hapo ilipo. Madame akaitikia kwa kichwa, akaomba maji. Nyumbani Émérance aliniambia ugonjwa umeanza kumnyang'anya maneno.

Mwezi Mei nchi yetu, tuliyozoea kuiita Zaïre, ikapewa jina jingine, tukashinda mbele ya televisheni tukibishana. Mwezi Juni Madame akafa, asubuhi, Émérance amemshika mkono. Kanisani walikuwa wachache. Baadaye kahawa, mikate midogo yenye jambon, kama nilivyotabiri. Marie-Paule alimkumbatia Émérance, akamshukuru kwa yote, akamshika mkono mara ya pili, akauachia, akapanda gari. Na mke wangu akaanza kungoja.

Alingoja kuitwa. Kwa akili yake ukoo lazima ukae, hata kama ni ukoo wa mtu mmoja. Simu ilipolia alikuwa akifuta mikono kwanza ndipo aipokee. Nilimwambia apige yeye. Akaniuliza kama mimi ningempigia simu mfiwa kudai vitu. Kiangazi kikapita hivyo. Akapata kazi nyingine kwa mzee mmoja wa Koekelberg, ambaye dirisha lake linatazama Basilika nzima na ambaye hajawahi kumwambia Mungu hata habari za asubuhi. Septemba alipanda tramu hadi Uccle, akapita mbele ya nyumba ya Madame akijifanya ana safari zake. Mapazia hayakuwepo, na getini palikuwa na kibao cha kuuzwa. Siku hiyo alirudi akapika bila kuonja, tukala chumvi tupu, na hata mimi nilimaliza sahani.

Aliyeiona picha ni mimi. Katika kampuni yetu kulikuwa na idara iliyokatia bima vitu vya thamani, na miongoni mwa barua zao nilikuwa nikiwapelekea vitabu vya minada. Mwezi Novemba, nikiingoja lifti, nikafungua kimoja kupoteza wakati, na karani wa kodi akanitazama usoni. Chini yake waliandika kwamba ni Bikira akinyonyesha, rangi ya mafuta juu ya ubao wa mwaloni, Antwerp, mwanzo wa karne ya kumi na sita, mchoraji hajulikani, mali ya familia ya Brussels. Lifti ilikuja ikaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, masikio yananiwaka moto.

Jioni hiyo nilimpigia Marie-Paule mwenyewe, huku Émérance akinivuta shati. Nilimwambia kuna zawadi iliyotolewa mbele ya shahidi, na shahidi ni yeye anayenisikiliza. Nilitumia maneno yote niliyoyakumbuka ya chuo, na mengine nadhani niliyatunga. Nilisikia akivuta kiti na kukaa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba siku ya watu kutazama vitu, siku moja kabla ya mnada, atatukuta huko huko.

Nikatayarisha hotuba. Nikavaa suti niliyoivaa siku ya ubatizo wa binti yetu Hadassa, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza chuo huko Liège, kwa hiyo mnaweza kukisia hali ya vifungo. Na sitawaficha, kichwani mwangu picha ile nilikuwa nimeshaiuza. Nilikuwa nimeshanunua nyumba ndogo huko Evere, yenye bafu lake na mahali pa kuanikia nguo. Émérance alitaka kitu kimoja tu, itundikwe nyumbani, juu ya kiti anachokalia kusali. Tuligombana njia nzima ndani ya tramu, kwa sauti ya chini, kwa heshima ya abiria.

Nyumba ya mnada ilikuwa karibu na Sablon, vyumba vikubwa vilivyojaa makabati, saa za ukutani na viti ambavyo huruhusiwi kuvikalia. Watu walikuwa wakinong'ona na kugeuza vitu kutazama mgongo wake. Tuliikuta picha ukutani, kati ya mtakatifu wa mbao aliyevunjika pua na mchoro wa samaki waliolala mezani, na chini yake kadi yenye namba. Émérance akafanya ishara ya msalaba. Midomo ikaanza kucheza kwa sala. Kijana mmoja wa kazi pale akamtazama, akatutazama sote wawili, akaenda kusimama mbali kidogo.

Marie-Paule alifika amevaa koti la kijivu. Alikuwa amekonda, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba amechukua uso wa mama yake. Nikakohoa, nikaanza. Nilisema kwamba kwa mujibu wa sheria ya zawadi ya mkono kwa mkono, na hapo nikagundua kwamba hanisikilizi. Alikuwa akimtazama mke wangu.

"Kwa nini hukuichukua?" akamuuliza.

Swali lile lile. Lakini yeye aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, na nikanyamaza. Émérance akamjibu kwa Kifaransa chake cha pole pole. Akamweleza kuhusu mgonjwa na pumzi yake, na kwa nini kitu hakitoki nyumbani kwake angali hai. Akamsimulia habari za shangazi na sufuria. Akasema picha iliposhushwa aliogopa kwamba mama anakiita kifo, ndiyo maana aliirudisha, mara mbili, na kwamba tangu Juni anangoja kuitwa siku ya kugawa vitu, ili yeye, Marie-Paule, aliyesikia, asimame na kusema.

Marie-Paule alikuwa ameshaweka mkono mdomoni.

"Mama alidhani huitaki," akasema.

Kisha akatueleza. Jumatatu ile, siku moja baada ya kuitoa zawadi, Madame alimpigia simu kumwambia kwamba picha bado ipo ukutani. Alidhani labda Émérance ameona haya kubeba kitu mbele ya watu, ndipo akaamuru ifungwe na kuwekwa mlangoni, asipate shida hata ya kuomba. Émérance alipoirudisha ukutani, Madame alisema huyu ana adabu mno, hawezi kukataa kwa mdomo. Kabla ya Pasaka akajaribu tena, maana alikuwa bado na tumaini. Baada ya hapo aliacha. Alisema huenda inamkumbusha kifo cha mama yake, au huenda ameona tunataka kumlipa kwa ajili ya machozi yake, na kwamba amemuudhi mtu ambaye hakutaka kumuudhi. Madame mwenyewe ndiye aliyeamuru iuzwe, na fedha zipewe parokia. Alitaka iondoke, Émérance asije akalazimishwa kuipokea kwa ajili ya marehemu. Na Marie-Paule hakupiga simu wakati wote huo kwa sababu aliona haya. Alidhani tumechoka na familia yao.

Mimi nilikuwa nimeishika hotuba yangu mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho.

Émérance akakaa juu ya kiti kimoja cha kuuzwa. Yule kijana akaja haraka kumwambia hairuhusiwi, akauona uso wake, akageuka akarudi alikotoka. Mke wangu hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Alisema hivyo lini? Kwamba ameniudhi?"

Marie-Paule alitazama sakafu. Akasema ni wiki ile ya mwisho.

Wiki ya mwisho Émérance alikuwa akimlisha kwa kijiko cha chai. Alikuwa halali, na aliniomba nile kwa Mturuki ili asipoteze wakati kunipikia. Alikuwa akimpaka mafuta miguuni akimwimbia nyimbo za kwao, na Madame alikuwa akimtazama tu. Nilihesabu hayo yote kichwani pale pale, na bila shaka naye alikuwa akiyahesabu.

Marie-Paule akachuchumaa mbele ya kiti, mwanamke wa umri wake, na viatu vile vya visigino virefu. Akasema sasa anauliza yeye, na anaomba ajibiwe kwa mdomo. Je, anaitaka?

Nikamtazama mke wangu, nikaona anafumba mdomo. Namjua. Madame hajafanyiwa matanga, ukoo haujakaa, na kwao Kabare hakuna mtu anayesema "nakitaka" kuhusu kitu cha marehemu; unapewa, hudai. Angenyamaza tena, na huyu naye angeelewa kama alivyoelewa mama yake. Nikafungua kinywa kumsemea. Émérance akanyanyua mkono kunizuia, bila hata kunitazama.

"Ninaitaka," akasema. Alilisema kwa nguvu isiyozoeleka katika nyumba ile, na watu waliokuwa wakigeuza vitu wakatugeukia. "Niliitaka tangu siku ile ile."

Marie-Paule akaenda ofisini. Kuondoa kitu mnadani dakika ya mwisho kuna gharama zake, na zilipotajwa mimi nilikuwa nimeanza kuchunguza nakshi za dari. Alilipa yeye. Akaandika karatasi, akaitia sahihi, na kwa parokia akasema atajua la kufanya. Walipoagana na Émérance walishikana muda mrefu. Nyumba yangu ya Evere ilibomoka hapo, pamoja na bafu lake, na cha ajabu sikuisikia ikianguka.

Tulirudi kwa tramu. Émérance aliipakata picha imefungwa kwa karatasi za nyumba ya mnada, ameizungushia mikono miwili, na watu walituachia nafasi kubwa kuliko kawaida. Nyumbani akaiweka juu ya meza, hakuifungua. Akakaa na koti lake mwilini. Mimi nilikuwa bado na furaha ya mtu aliyeshinda kesi bila kusimama mahakamani. Nikamwambia aone sasa, mambo yamekwenda kama yanavyokwenda kwao: binti amesimama, amesema, kitu kimemfikia kwa njia safi, hakuna wa kumnyooshea kidole. Nikamwambia hata mimi nakubali, haraka haraka haina baraka.

Alinisikiliza hadi nikamaliza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nilimushika mukono mpaka mwisho, Papa Hadassa," akasema. "Nilizani anajua."

"Anajua nini?"

"Kwamba nilimupenda." Akaweka kiganja juu ya karatasi ile. "Na ye alikufwa anajua kwamba nilimukatala."

Ndipo akalia. Nilikaa naye kidogo, nikamvua koti, kisha nikaenda kwa Mturuki kuazima nyundo na msumari.